Gary Gait: Kutoka Kumbi za Victoria hadi Benchi la Syracuse

Gary Gait ni Mkanada ambaye wengi wanaofuatilia lakrosi humhesabu miongoni mwa wachezaji bora kuliko wote waliowahi kuucheza mchezo huo. Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1967 mjini Victoria, katika jimbo la British Columbia, pamoja na pacha wake Paul. Akiwa mchezaji alitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani, ubingwa wa ligi za kulipwa za ukumbini na za uwanjani, na ubingwa wa dunia akiwa na timu ya taifa ya Kanada. Akiwa kocha amefundisha wanaume na wanawake, vyuoni na kwenye ligi ya kulipwa. Mchango wake mkubwa ni mmoja: aliuchukua ufundi wa lakrosi ya ukumbini ya Kanada akaupeleka kwenye viwanja vya nyasi vya Marekani, kwanza kwa fimbo yake mwenyewe, kisha kwa kuwafundisha wengine.

Mchezo mmoja, njia mbili

Lakrosi huchezwa kwa mpira mdogo mgumu wa raba na fimbo yenye kijiwavu kichwani. Mchezaji hudaka mpira kwa wavu huo, hukimbia nao, hutoa pasi na hupiga langoni. Asili yake ni wenyeji wa Amerika Kaskazini. Kwa watu wa Haudenosaunee, muungano wa mataifa sita ya Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora, mchezo huu ni zawadi ya Muumba na ni sehemu ya tiba na ibada. Katika karne ya 19 walowezi wa Kanada waliuiga. Daktari wa meno wa Montreal, George Beers, aliuandikia kanuni, akapunguza idadi ya wachezaji na kuuondoa mpira wa ngozi badala yake ukaja wa raba. Mwaka 1867 chama cha taifa kiliundwa, na mchezo ukaenea Uingereza, Marekani na Australia.

Baadaye njia ziligawanyika. Wamarekani waliendelea na lakrosi ya uwanjani: wachezaji 10 kila upande, uwanja wenye urefu wa takriban mita 100 na upana wa mita 55, na lango la mraba lenye urefu na upana wa mita 1.83. Kanada ilifuata njia nyingine kuanzia mwaka 1931, pale wamiliki wa kumbi za mpira wa magongo wa barafuni mjini Montreal walipotafuta namna ya kuzitumia kumbi hizo majira ya kiangazi, barafu inapoondolewa. Waliingiza lakrosi ndani ya kuta zilezile, wakapunguza idadi ya wachezaji, ambao leo ni sita akiwemo kipa, na wakaweka lango dogo lenye kimo cha mita 1.2 hivi. Katika miaka michache lakrosi ya ukumbini ikawa ndiyo lakrosi ya Wakanada. Kombe la Mann, ambalo klabu za Kanada zilikuwa zikiligombea tangu mwanzoni mwa karne ya 20, nalo likahamia ukumbini.

Tofauti hiyo ya mazingira ilizaa tofauti ya ufundi. Ukumbini kipa huvaa makinga makubwa yanayoziba karibu lango lote, kwa hiyo mpigaji hulazimika kumdanganya kwa mkono na jicho kabla ya kuuachia mpira, au kuuweka kwenye upenyo wa ngumi moja. Mabeki huwa karibu muda wote, wakisukuma na kupiga fimbo, hivyo mshambuliaji hujifunza kulinda mpira kwa mwili, kupokea pasi mgongoni na kufunga huku amebanwa. Uwanjani kuna nafasi ya kukimbia na muda wa kutazama. Makocha wa Marekani walisisitiza pasi safi, utumiaji wa mikono yote miwili na nidhamu ya mfumo. Mbwembwe za kupiga nyuma ya mgongo zilihesabiwa utovu wa adabu.

Mapacha wa Victoria

Victoria, mji ulio katika kisiwa cha Vancouver, ni miongoni mwa ngome za lakrosi ya ukumbini. Klabu yake ya Victoria Shamrocks ni moja ya klabu zenye sifa kubwa katika Kombe la Mann. Mapacha wa Gait walikulia katika mazingira hayo, wakicheza ukumbini tangu utotoni na wakijaribu kila aina ya mkwaju. Kila mmoja alikuwa na mpinzani wa kiwango chake chini ya paa moja, na walizoea kupeana pasi bila kutazamana. Wote wawili walikua warefu na wenye maumbo mazito, lakini mikono yao ilikuwa myepesi kama ya wachezaji wadogo. Mchanganyiko huo wa nguvu na wepesi ulikuwa adimu kwa viungo wa lakrosi ya uwanjani.

Chuo kilichowachukua kilikuwa Syracuse, katika jimbo la New York, kilomita chache kaskazini mwa ardhi ya taifa la Onondaga. Ujirani huo si jambo dogo. Fimbo za mbao zilizochongwa na mafundi wenyeji zilitumika chuoni kwa miongo mingi, na vijana wa Onondaga walichezea timu ya chuo, akiwemo Oren Lyons, kipa wa miaka ya 1950 ambaye baadaye alijulikana duniani kama kiongozi wa kimila na mtetezi wa haki za wenyeji. Katika miaka hiyohiyo Jim Brown, aliyekuja kuwa nyota wa futiboli ya Kimarekani, aling'ara Syracuse katika lakrosi pia.

Kocha aliyewapokea Gary na Paul alikuwa Roy Simmons Mdogo. Aliirithi timu mwaka 1971 kutoka kwa baba yake, Roy Simmons Mkubwa, aliyeifundisha tangu 1931. Simmons Mdogo alikuwa pia msanii na mwalimu wa uchongaji, na alifundisha lakrosi kwa mtazamo wa kisanii: hakumkataza mchezaji kujaribu jambo jipya, mradi lilikuwa na faida kwa timu. Mwaka 1983 aliipa Syracuse ubingwa wake wa kwanza wa mashindano ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Kwa vijana waliotoka ukumbini na vichwa vilivyojaa mbinu ngeni, hakuna kocha aliyewafaa zaidi yake.

Miaka minne ya Syracuse

Gary alianza kuichezea Syracuse mwaka 1987 akiwa kiungo, amevaa jezi namba 22. Msimu huo wa kwanza timu ilifika nusu fainali na kutolewa na Cornell. Mwaka 1988 haikufungika. Ilimaliza msimu kwa ushindi wa mechi zote 15, na Gary peke yake alifunga magoli 70. Katika robo fainali dhidi ya Navy alipachika tisa. Mwisho wa msimu alipewa tuzo ya Raymond Enners, anayopewa mchezaji bora wa vyuo, na aliipata tena mwaka 1990.

Tukio lililompa jina la kudumu lilitokea tarehe 28 Mei 1988, katika nusu fainali dhidi ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, iliyochezwa nyumbani Syracuse ndani ya ukumbi mkubwa wa Carrier Dome. Kulielewa kunahitaji kujua kanuni mbili. Kwanza, katika lakrosi mchezo unaendelea hata nyuma ya lango, ambako kuna nafasi ya mita kadhaa hadi mstari wa mwisho. Pili, lango limezungukwa na duara lenye nusu kipenyo cha mita 2.7, na mshambuliaji haruhusiwi kulikanyaga. Kwa kawaida anayeshika mpira nyuma ya lango hutafuta mwenzake wa kumpasia mbele, au huzunguka ili kupata pembe ya kupiga. Mabeki na kipa wote hujipanga kwa matarajio hayo mawili.

Gary alichagua njia ya tatu. Akiwa na mpira nyuma ya lango, alikimbia moja kwa moja kuelekea nyavu, akaruka kabla ya kufika kwenye mstari wa duara, akanyoosha mikono akiwa hewani, akaipitisha fimbo juu ya mtambaa wa panya na kuushindilia mpira chini upande wa mbele. Ulikuwa wavuni kabla miguu yake haijagusa ardhi. Kipa alikuwa ametazama nyuma, akisubiri aone ni upande gani atazungukwa. Waamuzi walikubali goli, kwa kuwa hakuna kanuni iliyovunjwa: duara lilikuwa halijakanyagwa wakati mpira unaingia. Baadaye katika mechi hiyohiyo alilirudia tendo lile na kufunga tena.

Magoli hayo hayakuwa ya kuwafurahisha mashabiki tu. Mechi iliisha kwa 11 kwa 10, na Paul ndiye aliyefunga goli la ushindi katika sekunde za mwisho. Bila yale mawili ya hewani Syracuse isingefika fainali, ambako iliifunga Cornell 13 kwa 8. Mruko ule ulipewa jina la Air Gait, na picha zake zilisambaa kwenye magazeti na televisheni kiasi ambacho lakrosi haikuwa imezoea. Wasimamizi wa kanuni nao walichukua hatua. Sheria zilirekebishwa ili kumzuia mshambuliaji kurukia kwenye eneo la kipa kwa namna ile, kwa hoja ya usalama wa kipa na wa mrukaji mwenyewe. Wachezaji ambao kanuni za mchezo zimebadilishwa kwa sababu yao ni wachache, na Gary alifikia hapo akiwa katika msimu wake wa pili tu chuoni.

Mwaka 1989 Syracuse ilitetea ubingwa kwa kuifunga Johns Hopkins 13 kwa 12 huko College Park, Maryland. Upande wa pili alikuwepo Dave Pietramala, beki aliyekuwa na sifa ya kumzima mshambuliaji yeyote, ambaye naye alikuja kuwa kocha. Mwaka 1990 Syracuse iliifunga Loyola 21 kwa 9 katika fainali, na timu hiyo bado huorodheshwa na wachambuzi miongoni mwa timu kali zaidi katika historia ya mchezo. Kufikia wakati huo Wakanada walikuwa watatu: Tom Marechek, naye kutoka Victoria, alikuwa amejiunga na mapacha katika safu ya ushambuliaji.

Ubingwa wa 1990, hata hivyo, haumo katika kumbukumbu rasmi. Miaka mitano baadaye NCAA iliamua kwamba Paul hakuwa na sifa ya kucheza msimu huo, kwa kuwa mke wa kocha Simmons alikuwa amemdhamini kwa saini katika mkopo wa gari. Kwa kanuni za michezo ya vyuo, zilizokataza wachezaji kupokea manufaa ya aina hiyo, kosa hilo lilitosha kuufuta ubingwa wa timu nzima. Ubingwa wa 1988 na wa 1989 haukuguswa.

Gary aliondoka Syracuse akiwa na magoli 192, rekodi ya wakati huo katika daraja la kwanza la vyuo. Ilidumu hadi mwaka 2008, ilipovunjwa na Mkanada mwingine, Zack Greer. Jezi namba 22 nayo ilipata hadhi ya pekee chuoni. Haikustaafishwa, ila hukabidhiwa mchezaji anayetarajiwa kubeba timu. Ndugu watatu wa ukoo wa Powell, Casey, Ryan na Mikey, waliivaa kwa zamu, na kila mmoja alitamba nayo.

Lakrosi ya kulipwa

Mwaka 1991 mapacha walirudi ukumbini, safari hii kwa malipo, katika ligi iliyokuwa na timu chache za miji ya mashariki ya Marekani. Fedha zilikuwa ndogo. Wachezaji wengi walikuwa na kazi nyingine siku za wiki na walisafiri kwenda kucheza wikendi. Wakiwa na Detroit Turbos walitwaa ubingwa katika msimu wao wa kwanza. Baadaye walihamia Philadelphia Wings, waliotwaa ubingwa mwaka 1994 na 1995. Ligi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa National Lacrosse League, au NLL, mwaka 1998, jina ambalo inatumia hadi leo.

Katika ligi hiyo Gary alichaguliwa mchezaji bora mara tano mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1999. Mwenendo wa klabu zake katika miaka iliyofuata unaonyesha jinsi ligi yenyewe ilivyokuwa ikiyumba. Alikuwa Baltimore, timu ikahamia Pittsburgh mwaka 2000, Washington mwaka 2001, na mwisho Denver, ambako ilianza msimu wa 2003 kwa jina la Colorado Mammoth. Denver ilikuwa mbali na ngome za jadi za lakrosi, lakini mashabiki walijaa ukumbini, na Gary, aliyekuwa amefikisha miaka 36, alichaguliwa mchezaji bora kwa mara ya sita. Mafanikio ya Mammoth yaliwaonyesha wenye fedha kwamba mchezo unaweza kuuzika magharibi ya Marekani. Baadaye, mwaka 2014, eneo hilohilo la Denver liliandaa mashindano ya ubingwa wa dunia ya wanaume, ambamo Uganda ilishiriki na kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo.

Uwanjani nako kulizaliwa ligi ya kulipwa mwaka 2001, Major League Lacrosse, iliyochezwa majira ya kiangazi. Mapacha walikuwa katika kikosi cha Long Island Lizards kilichotwaa ubingwa wa kwanza. Kisha Gary akajiunga na Baltimore Bayhawks, ambako alibeba mzigo wa aina mbili kwa wakati mmoja: alikuwa kocha mchezaji. Mwaka 2005 Bayhawks walitwaa ubingwa yeye akiwa uwanjani na pia akiwa ndiye anayepanga timu. Mwaka huohuo alitundika daluga katika NLL na akaingizwa katika jumba la taifa la heshima la lakrosi la Marekani. Mwaka uliofuata NLL ilipoanzisha jumba lake la heshima, yeye na Paul walikuwa katika kundi la kwanza.

Timu ya taifa

Katika kiwango cha mataifa, kizazi cha Gary kiliikuta Marekani ikitawala. Kanada ilikuwa imeifunga katika fainali ya dunia ya mwaka 1978 nchini Uingereza, na tangu hapo haikuweza tena. Fainali ya 1998 mjini Baltimore ilikaribia kuumaliza utawala huo. Kanada ilikuwa nyuma kwa magoli kumi, ikasawazisha, na ikafungwa 15 kwa 14 katika muda wa nyongeza. Wengi hulihesabu pambano hilo kuwa miongoni mwa makubwa zaidi katika historia ya mchezo.

Gary alirudi kutoka mapumzikoni mwaka 2006, akiwa na miaka 39, kwa mashindano yaliyofanyika London, Ontario, katika nchi yake. Kanada iliifunga Marekani 15 kwa 10 katika fainali, yeye akiwa miongoni mwa wafungaji. Miaka 28 ya kusubiri iliishia hapo. Kikosi hicho kilijaa wachezaji waliolelewa ukumbini kisha wakapitia vyuo vya Marekani, njia ambayo mapacha wa Victoria walikuwa wameipita mapema wakati bado ni wachache walioifuata.

Kocha wa wanawake

Ukocha wa Gary haukuanza baada ya kustaafu. Tangu katikati ya miaka ya 1990, alipokuwa bado kileleni kama mchezaji, alikuwa kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Maryland chini ya Cindy Timchal. Lakrosi ya wanawake ina kanuni zake. Kugongana miili hakuruhusiwi, na wavu wa fimbo ulikuwa na kina kidogo, jambo lililofanya mpira uwe mgumu kuutuliza. Wengi waliamini kwamba hila za wanaume haziwezekani kwa vifaa hivyo. Maryland ilianza kuonyesha vinginevyo. Wachezaji wake walijifunza kudanganya kwa mabega, kubadilisha mkono katikati ya mwendo, kupiga na kupokea mpira nyuma ya mgongo.

Matokeo yalikuwa ubingwa saba mfululizo, kutoka 1995 hadi 2001. Mchezaji aliyeonyesha vizuri zaidi mtindo huo mpya alikuwa Jen Adams, Mwaustralia kutoka Adelaide, ambaye mwaka 2001 alipata tuzo ya Tewaaraton ilipotolewa kwa mara ya kwanza kwa mchezaji bora wa vyuo. Mwingine aliyepitia Maryland ya miaka hiyo, Kelly Amonte Hiller, alikwenda Northwestern jimboni Illinois, akaifundisha timu iliyofufuliwa mwaka 2002 na kuipa ubingwa mara tano mfululizo kuanzia 2005. Kwa namna hiyo mafunzo ya benchi moja yaliota matawi nchi nzima.

Gary aliporudi kwenye ukocha baada ya kuacha kucheza, alianzia kwa Colorado Mammoth. Katika msimu wake wa kwanza, 2006, aliipa timu ubingwa wa NLL kwa kuifunga Buffalo Bandits 16 kwa 9 katika fainali. Hata hivyo hakudumu huko. Mwaka 2007 chuo chake cha zamani kilimwita kuwa kocha mkuu wa timu ya wanawake, na akakubali. Ni uamuzi uliowashangaza wengi, kwani nyota wa kiwango chake wangetazamiwa kutafuta kazi ya timu ya wanaume.

Timu ya wanawake ya Syracuse ilikuwa changa, imeanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na haikuwa imewahi kufika nusu fainali ya taifa. Katika msimu wa kwanza wa Gary, 2008, ilifika. Mwaka 2012 iliingia fainali kwa mara ya kwanza na kufungwa 8 kwa 6 na Northwestern ya Kelly Amonte Hiller. Mwaka 2014 ilifungwa na Maryland. Mwaka 2021 ilifungwa tena, 16 kwa 10, na Boston College. Fainali tatu zilipita bila kombe. Kombe halikuja, lakini timu iliyokuwa haitajwi iligeuka kuwa mgeni wa kila mwaka katika hatua za mwisho, na wachezaji wake walifuatiliwa na watazamaji kwa hamu ileile iliyokuwa ya wanaume.

Mmoja wao alikuwa Kayla Treanor, mshambuliaji aliyecheza kati ya 2013 na 2016 na kuwa mmoja wa wafungaji hatari wa kizazi chake. Treanor ndiye anayeunganisha sura mbili za historia hii. Katika fainali ya 2021 alikuwa kwenye benchi la ufundi la Boston College, upande ulioishinda timu ya mwalimu wake. Majuma machache baadaye alirithi kiti cha mwalimu huyo.

Kocha wa wanaume

Nafasi ya kuifundisha timu ya wanaume ya Syracuse ilipatikana Juni 2021, kocha wake John Desko alipostaafu. Desko alikuwa msaidizi wa Roy Simmons Mdogo wakati mapacha wa Gait wanacheza, kisha akaiongoza timu tangu 1999 na kuipa ubingwa mara tano, wa mwisho mwaka 2009. Gary alipochukua timu ya wanaume, alikuwa kocha wa tano tu tangu timu hiyo ianzishwe mwaka 1916. Kwa chuo kilichozoea makombe, miaka 12 bila ubingwa ilikuwa mingi.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Msimu wa 2022 uliisha kwa ushindi mara nne na vipigo kumi, idadi ya vipigo ambayo Syracuse haikuwa imewahi kuifikia. Jina kubwa halikumsaidia. Gary alijenga upya kwa kusajili vijana. Kinda aliyesubiriwa zaidi, Joey Spallina, alikabidhiwa jezi namba 22. Mwaka 2023 timu ilishinda mechi nane na kupoteza saba. Mwaka 2024 ilirudi kwenye mashindano ya taifa na kufika robo fainali, ikatolewa na Denver 10 kwa 8.

Mwaka 2025 ulikuwa wa hatua kubwa. Syracuse ilitwaa kombe la ukanda wake, ACC, kwa kuifunga Duke 9 kwa 8. Katika mashindano ya taifa iliitoa Harvard 13 kwa 12 katika muda wa nyongeza, kisha ikaishinda Princeton 19 kwa 18. Ilikuwa nusu fainali ya kwanza kwa chuo hicho tangu 2013. Huko Foxborough, Massachusetts, ilikutana na Maryland na kufungwa 14 kwa 8.

Tathmini

Ukipima kwa makombe, Gary Gait mchezaji yuko mbali mbele ya Gary Gait kocha mkuu. Kufikia msimu wa 2025 alikuwa hajaipa Syracuse ubingwa wa taifa, si kwa wanawake wala kwa wanaume. Pietramala, mpinzani wake wa 1989, aliipa Johns Hopkins ubingwa huo mara mbili akiwa kocha, mwaka 2005 na 2007. Ubingwa ambao Gary aliupata akiwa kocha mkuu ulitoka kwenye ligi za kulipwa, pamoja na Bayhawks na Mammoth, na ule wa vyuo aliupata akiwa msaidizi huko Maryland.

Kipimo cha makombe, hata hivyo, hakionyeshi yote. Kabla ya 1987 vyuo vikubwa vya Marekani viliwatazama wachezaji wa ukumbini kama watu wenye mikono mizuri lakini wasiofaa kwa mchezo wa uwanjani. Leo makocha wa vyuo huenda British Columbia na Ontario kila mwaka kutafuta wafungaji, na vilabu vya watoto vya Marekani huwapeleka wanafunzi wao ukumbini ili wajifunze kufunga katika nafasi finyu. Mchezo utakaorudi kwenye Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, lakrosi ya wachezaji sita kila upande, wenye uwanja uliofupishwa na saa ya sekunde 30 ya kushambulia, umechota kutoka njia zote mbili. Mabadiliko hayo hayakuletwa na mtu mmoja, lakini yalianza kushika kasi pale kiungo mmoja kutoka Victoria alipothibitisha, mbele ya umati wa Syracuse, kwamba mbinu za ukumbini zinashinda mechi uwanjani.